Kwa Nini Gemu Inaganda Baada ya Dakika Kumi

Mnamo Julai 2018, Dave Lee, Mkanada anayechambua kompyuta kwenye YouTube, alifanya jambo ambalo fundi yeyote angemkataza mteja wake. Alichukua MacBook Pro mpya, ile ya bei kubwa yenye prosesa ya Core i9, akaitia kwenye friza huku ikiendelea na kazi. Nje ya friza mashine hiyo ilikuwa imetumia dakika 39 na ushei kukamilisha video moja. Toleo la mwaka uliotangulia, lenye prosesa ya daraja la chini, liliimaliza kazi hiyo hiyo kwa dakika 35. Ndani ya friza, mashine iliyoaibika ilitumia dakika 27.

Prosesa ilikuwa ile ile, kilichobadilika ni baridi tu. Video ya Lee ilisambaa, na tarehe 24 Julai kampuni ya Apple ikatoa sasisho. Ilieleza kwamba katika programu ndogo inayosimamia joto la mashine kulikosekana ufunguo mmoja wa kidijitali, na kwa sababu hiyo kasi ya prosesa ilikuwa ikishushwa kupita kiasi kila kazi ilipokuwa nzito.

Lee hakuwa akicheza gemu, lakini alichokigundua ndicho kinachowasumbua vijana wengi waliojinunulia laptopu wakaweka FIFA, GTA au Counter-Strike. Mechi inaanza vizuri. Kipindi cha kwanza hakijaisha, feni inavuma kama jenereta, mchezaji anabonyeza kitufe cha kupiga shuti na mpira unatoka sekunde nzima baadaye. Hitimisho la haraka ni kwamba kadi ya grafiki ni dhaifu na inabidi kununua mashine nyingine. Mara nyingi sivyo. Mashine ina nguvu, ila kuna kitu kinaizuia isizitumie, na njia fupi ya kukijua kitu hicho ni kuuliza gemu inaganda lini: tangu mwanzo, baada ya muda, inapochomolewa chaja, au kila inapofunguliwa sehemu mpya ya mchezo.

Gemu inaonekana laini pale kadi inapochora fremu 60 kila sekunde. Maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kukamilika. Prosesa ikokotoe alipo mchezaji na adui yake, kadi ichore ukuta, kivuli na jasho usoni, kisha picha ifike kwenye skrini. Kwa fremu 30 muda huo unafika milisekunde 33, na wengi bado huweza kucheza bila kulalamika. Kinachokera zaidi ya wastani mdogo ni kuyumba. Fremu 45 zinazokuja kwa mpangilio ni nafuu kuliko 70 zinazokatishwa na mshtuko wa robo sekunde kila mara, hasa kwenye gemu za risasi ambako robo sekunde ni uhai.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, Windows 10 imekuwa ikionyesha matumizi ya kadi ya grafiki ndani ya Task Manager, na gemu zinazopitia Steam zinaweza kuonyesha hesabu ya fremu kwenye kona ya skrini. Programu za bure kama HWiNFO na MSI Afterburner huongeza mambo mawili muhimu: joto la kila chipu na kasi inayokwenda nayo kwa wakati huo. Mtu akicheza dakika 20 huku namba hizo zikirekodiwa, atakuwa na ushahidi mwingi kuliko nusu ya wauzaji watakaomshauri aongeze hiki au kile.

Tuanze na joto, kwa kuwa ndilo mshtakiwa anayepatikana na hatia mara nyingi zaidi.

Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa kikomo cha nyuzi 95 hadi 105 za Selsiasi. Zikikaribia hapo, hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Kadi ya grafiki nayo ina kikomo chake, kwa kawaida cha chini kidogo. Katika laptopu nyingi chipu hizi mbili huunganishwa na mabomba yale yale ya shaba yanayopeleka joto kwenye feni, hivyo prosesa ikichemka inamchemsha na jirani yake. Na feni haiwezi kuipoza chipu chini ya joto la hewa inayoivuta. Mashine iliyopimwa maabara Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 20 ikiletwa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, kwenye chumba cha nyuzi 31, inaanza safari ikiwa imeshapoteza nyuzi kumi na moja za nafasi.

Juu ya hapo kuna vumbi. Hitsinki ya laptopu, kifaa kinachotoa joto nje, ina mapezi membamba ya chuma yaliyobanana, na vumbi likichanganyika na nyuzi za blanketi na nywele hutengeneza kitu kama zulia upande wa ndani, pale ambapo mtu hapaoni mpaka afungue. Laptopu ikiwekwa juu ya godoro, matundu ya chini yanazibwa na feni inabaki kuzungusha hewa ile ile. Kuinua nyuma ya mashine sentimita mbili tu, hata kwa vifuniko viwili vya chupa, hushusha joto bila gharama yoyote. Kusafisha kwa hewa ya kupuliza kunafaa, lakini feni ishikiliwe isizunguke, kwa kuwa ikizungushwa kwa nguvu ya nje inaweza kuharibika.

Kati ya chipu na shaba kuna pesti ya kupitisha joto. Baada ya miaka kadhaa hukauka na kupasuka. Mashine ya mtumba iliyotumika ofisini miaka mitano huko Uingereza kabla ya kupandishwa kontena inaweza kuwa bado na pesti ile ile ya kiwandani. Kubadilisha pesti ni kazi ya kawaida kwa mafundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na chipu inayookolewa. Ila mteja aulize ni pesti gani. Ile ya metali ya kimiminika inasifiwa sana mtandaoni, na kweli inapitisha joto vizuri, lakini ina galiamu, na galiamu huila alumini. Hitsinki ya alumini ikipakwa metali hiyo huharibika, na tone likidondoka kwenye bodi linaweza kuleta shoti.

Kuna dawa nyingine ya joto ambayo wachezaji wengi huikataa kwa sababu inaonekana kama kujinyima: kuweka kikomo cha fremu. Mwaka 2010, gemu ya StarCraft II ilipotoka, baadhi ya wachezaji waliripoti kwamba kadi zao zinachemka kupita kiasi, na tena zikiwa kwenye skrini za menyu, pasipo hata vita. Skrini hizo zilikuwa rahisi kuchora kiasi kwamba kadi ilizichora mara nyingi ilivyoweza, fremu juu ya fremu, bila faida kwa mtu yeyote. Kampuni ya Blizzard iliwashauri wachezaji waongeze mistari miwili kwenye faili la mipangilio: kikomo cha fremu 60 ndani ya mchezo na 30 kwenye menyu. Funzo hilo halijachakaa. Skrini nyingi za laptopu huonyesha fremu 60 tu kwa sekunde, kwa hiyo kadi inayochora 110 inatoa jasho kwa ajili ya picha ambazo macho hayatazipata kikamilifu.

Ujanja mwingine unahusu prosesa za Intel. Hizi huruhusiwa kutumia umeme mwingi kwa sekunde chache, mara nyingi kama nusu dakika, kisha hurudi kwenye kiwango chao cha kudumu. Ndiyo maana laptopu nyembamba huonekana kali dukani na goigoi nyumbani. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa kikishushwa kutoka asilimia 100 hadi 99, ile kasi ya ziada inazimwa. Kwenye gemu ambayo mzigo wake uko kwa kadi, prosesa haiumii sana, joto linashuka, na kadi inapata nafasi. Kwenye gemu inayotegemea prosesa, ujanja huo huo utapunguza fremu, na ndipo ile rekodi ya namba inapoleta faida tena: mtu ajaribu, apime, na arudishe kama haikusaidia.

Kama gemu inaganda tangu sekunde ya kwanza, joto halihusiki. Hapo mtuhumiwa ni umeme, au chipu isiyo sahihi inafanya kazi.

Betri ya laptopu haiwezi kutoa umeme mwingi kwa pamoja kama chaja ya laptopu ya gemu ya wati 180. Ikichomolewa chaja, mashine hupunguza nguvu ya kadi, na kwa kadi nyingi za Nvidia kuna kipengele kinachoziwekea kikomo cha fremu 30 zikiwa kwenye betri. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni chaja ya kuazima. Chaja ya wati 65 ikichomekwa kwenye mashine inayohitaji 130, taa ya kuchaji inawaka na kila kitu kinaonekana salama, huku prosesa ikiwa imefungwa kwenye kasi ya chini. Laptopu nyingi za Dell huitambua chaja kupitia pini nyembamba iliyo katikati ya plagi. Pini hiyo ikivunjika, au chaja ikiwa ya kuigiza isiyojitambulisha, mashine inatoa onyo wakati wa kuwaka, inakataa kuchaji betri na inashusha kasi ya prosesa. Mtu anaweza kufuta gemu, kusakinisha Windows upya na kununua RAM, kumbe tatizo ni pini.

Kuhusu chipu isiyo sahihi: tangu Nvidia ilipoleta mfumo wa Optimus mwaka 2010, laptopu nyingi zimekuwa na chipu mbili za grafiki. Moja iko ndani ya prosesa, haili umeme mwingi, na inatosha kwa barua na filamu. Nyingine ni kadi kamili, inayoamshwa kazi nzito ikija. Uamuzi wa ipi ifanye kazi hufanywa na draiva, programu inayoiendesha kadi, na draiva hukosea, hasa kwa gemu za zamani au zile zisizo kwenye orodha yake. Mchezaji anakuwa na kadi ya bei ghali iliyolala usingizi huku chipu ndogo ikihangaika. Dalili ni rahisi kuiona kwenye Task Manager: kadi kubwa iko asilimia 0 gemu ikiwa inaendelea. Tangu mwaka 2018 Windows yenyewe ina sehemu iitwayo Graphics ndani ya mipangilio ya skrini, ambapo kila gemu inaweza kupangiwa chipu yake. Laptopu za gemu zina pia kitufe au programu ya mtengenezaji ya kuchagua hali ya kimya au ya nguvu. Ikiachwa kwenye kimya, feni na kadi vyote vinafungwa kamba. Si ajabu kukuta mtu ameiweka hivyo usiku ili asiwaamshe wa nyumbani, kisha akasahau kwa mwezi mzima.

Lakini mashine nyingi zinazochezewa gemu Afrika Mashariki hazina kadi ya pili kabisa. Ni laptopu za ofisi za mtumba. Mfano mzuri ni HP EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016 yenye prosesa ya Core i5-6300U. Grafiki yake ni Intel HD 520, na bajeti yote ya umeme, ya prosesa na ya grafiki kwa pamoja, ni wati 15. Kwa mashine kama hii ushauri mwingi wa mtandaoni haufai, maana umeandikwa kwa watu wenye kadi.

Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake. Inaazima RAM ya kompyuta, na inagombania njia ya kufikia RAM hiyo na prosesa. Hapa ndipo kuna siri kubwa ya mashine hizi. EliteBook hiyo ina nafasi mbili za RAM, lakini mara nyingi huuzwa ikiwa na kipande kimoja cha GB 8. Kipande kimoja cha DDR4 cha kasi ya 2133 hupitisha takriban GB 17 za data kwa sekunde. Vipande viwili, kila kimoja kwenye nafasi yake, hufungua njia mbili na kupitisha GB 34. Kwa mtu anayeandika barua tofauti hiyo haionekani. Kwa grafiki inayosubiri picha za kuta na nyasi za uwanja, ni tofauti kubwa, na inapatikana kwa bei ya kipande kimoja cha RAM. Kwa kulinganisha, kadi ya kawaida ya GTX 1650 yenye kumbukumbu ya GDDR5 hupitisha GB 128 kwa sekunde, na kadi hiyo wakati wake ilihesabiwa ya kuanzia tu. Mwenye EliteBook asitarajie muujiza, ila asikubali pia kuchezea nusu ya mashine aliyoilipia.

Baada ya RAM, ubora wa skrini. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600 za kuchora kila fremu. Ikishushwa hadi 1280 kwa 720, zinabaki 921,600, chini ya nusu. Hakuna mpangilio mwingine unaopunguza kazi ya kadi kiasi hicho kwa mbofyo mmoja. Kinachofuata ni vivuli, na taswira za mbali. Gemu nyingi za karibuni zina pia FSR, teknolojia ya AMD ya mwaka 2021 inayochora picha ndogo kisha kuikuza kwa ustadi. Uzuri wa matoleo yake ya awali ni kwamba hayabagui kadi za kampuni nyingine. DLSS ya Nvidia hutoa picha safi zaidi mara nyingi, lakini inahitaji kadi ya RTX.

Wenye kadi wana mtego wao: kumbukumbu ya kadi ikijaa, data inamwagikia kwenye RAM ya kawaida, na gemu inaanza kushtuka-shtuka hata kama kadi haijachoka. GTA V, iliyofika kwenye kompyuta Aprili 2015, inaonyesha jambo hili waziwazi, kwa kuwa menyu yake ya grafiki ina mstari unaojaa kadiri mchezaji anavyopandisha mipangilio. Mstari ukipita kikomo, cha kupunguza kwanza ni ubora wa taswira za nyuso za vitu, kabla ya kitu kingine chochote.

Mishtuko inayokuja kila mara mchezaji anapoingia eneo jipya, kisha inatoweka akirudi eneo lile lile, ina chanzo tofauti. Kadi hutumia programu ndogo ndogo ziitwazo sheda, zinazopaswa kutayarishwa kwa ajili ya kadi husika. Gemu nyingine huzitayarisha papo hapo, katikati ya mapigano. Nyingine huzitayarisha mwanzoni: The Last of Us Part I ilipotoka kwa kompyuta Machi 2023, kwenye baadhi ya mashine maandalizi hayo yalipita nusu saa, na waliokosa subira wakaingia mchezoni yakiwa hayajaisha, wakapata mkwamo mtupu. Hapa tiba ni kungoja. Ila kama diski ni ya zamani ya kuzunguka, SSD itapunguza mishtuko mingine inayofanana na hii, ile ambayo barabara inachelewa kutokea mbele ya gari.

Draiva zinastahili tahadhari kwa pande zote mbili. Draiva ya miaka minne iliyopita haiijui gemu ya mwaka huu. Lakini mpya kabisa nayo inaweza kuleta balaa: Machi 2010 Nvidia iliondoa draiva yake namba 196.75 baada ya malalamiko kwamba inavuruga udhibiti wa feni na kuchemsha kadi. Kama ugandaji ulianza siku moja baada ya sasisho, kurudi kwenye draiva ya awali ni hatua ya busara. Zile programu za kupakua zinazoahidi kuongeza kasi ya gemu kwa mbofyo mmoja, hizo ziachwe. Nyingi huzima tu programu za nyuma, jambo ambalo mtu anaweza kulifanya mwenyewe, na baadhi hubeba matangazo au virusi.

Kuna pia mashine ambazo haziponi. Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa kwa sababu ya udhaifu katika maungio ya ndani ya kifungashio chake. Kila mashine ilipopata moto na kupoa, maungio yalichoka zaidi. Mafundi duniani kote walijifunza kuzipiga hewa ya moto ili zifufuke, na kweli zilifufuka, kwa wiki au miezi kadhaa. Michirizi ya rangi kwenye skrini, au gemu inayozima mashine yote hata baada ya kusafishwa na kubadilishiwa pesti, ni dalili za ugonjwa wa aina hiyo. Fundi akisema ataichoma chipu kidogo, mteja ajue analipia muda mfupi.

Anayeamua kununua mashine nyingine ajihadhari na jina lililobandikwa. RTX 3060 ya laptopu iliruhusiwa kutengenezwa kwa nguvu ya kuanzia wati 60 hadi 115, zote zikiuzwa kwa jina moja, na ile ya wati 60 ndani ya umbo jembamba haiwezi kufuatana na nduguye. RTX 4090 ya laptopu hata chipu yake si ile ya RTX 4090 ya mezani. Kibandiko hakisemi hayo. Muuzaji aombwe kufungua Nvidia Control Panel, ukurasa wa taarifa za mfumo, ambako wati za juu kabisa za kadi zimeandikwa. Kisha aachie gemu moja nzito iendelee kwa dakika 20 chaja ikiwa imechomekwa, mnunuzi akiwa amekaa pale pale dukani akiangalia namba za joto na kasi.